Pengo la Gego



Ukurasa wetu huu wa Kiswahili umekwisha kutupa mafundisho mengi juu ya nchi, wanyama na watu mashuhuri. Leo naomba nafasi niwaeleze habari ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu anacho kinywani, nacho ni gego. Mwaka jana nilipoteza gego langu moja, na kwa muda wa majuma sita shauri la kinywa changu likawa shauri la nyumba nzima. Mama alitaka kuuza mbuzi wawili ili nipate jino jingine. Mjomba alikataa katakata, maana mbuzi wale ndio waliokuwa karo yangu ya muhula wa mwisho. Basi ilinipasa nijue kwa hakika pengo lile litanidhuru nini, na dawa gani inalifaa. Niliyojifunza ndiyo ninayowaandikia hapa.

Jinsi gego lilivyonitoka

Mimi nasoma Gitega na kulala bwenini. Kwetu ni Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, karibu na mpaka wa Tanzania. Wakati wa likizo hupanda basi dogo, nikapita Karusi hadi nyumbani.

Gego lenyewe lilikuwa la chini, upande wa kushoto. Lilianza kwa tundu dogo jeusi, nami sikulijali. Nilipokula kitu kitamu likauma kidogo, kisha likanyamaza. Lilipozidi kuuma nilinunua karafuu sokoni nikaitafuna polepole juu yake. Karafuu hutuliza kweli, kwa sababu mafuta yake yana dawa iitwayo eugenoli, ambayo hutia ganzi kidogo. Lakini karafuu haizibi tundu. Hapo ndipo nilipokosea: maumivu yalipokoma nilidhani ugonjwa umekwisha, kumbe kiini cha jino kilikuwa kimekufa, na uozo ukiendelea chini kwa chini.

Likizo ya Pasaka ilipofika, nikiwa Muyinga, nilitafuna punje ya mahindi ya kuchoma, nikasikia kitu kimekatika. Nusu ya jino ilibaki mkononi mwangu. Usiku sikulala. Asubuhi mama alinipeleka kwa daktari wa meno. Alitazama, akagonga kidogo kwa chuma chake, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, ungalikuja mwaka jana ningaliliziba. Sasa limepasuka mpaka chini ya ufizi. Hapana budi litoke."

Akanipiga sindano ya ganzi, akaling'oa. Kisha akanipa kitambaa safi nikiume kwa nusu saa, akaniagiza nisisukutue kinywa siku ile, wala nisifyonze mahali pale kwa ulimi. Damu iliyoganda tunduni ndiyo kifuniko cha kidonda. Ikibanduka mapema, mfupa hubaki wazi, na maumivu yake hupita yale ya jino lenyewe. Baada ya siku moja nilisukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Nashukuru kwamba kidonda kilipona bila matata.

Gego ni jino la namna gani?

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32: meno ya mbele 8 ya kukatia, chonge 4 za kuraruria, magego madogo 8, na magego makubwa 12 ya kusagia. Katika hayo 12 yamo magego 4 ya mwisho, ambayo hutokea mtu anapokaribia utu uzima, na watu wengine hawayapati kabisa. Gego kubwa la chini kwa kawaida lina mizizi 2, na la juu mizizi 3. Ndiyo maana kuling'oa si kazi nyepesi.

Gego kubwa la kwanza hutokea mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi. Halisukumi jino lolote la utoto, bali huota nyuma ya yale yaliyokwisha kuwapo. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani nalo ni jino la utoto, kwamba likioza litaanguka na jingine litaota. Sivyo hata kidogo. Gego hilo halina badala yake. Langu lililong'olewa lilikuwa hilo hilo.

Na kwa nini huoza? Wazee wetu husema jino limeliwa na mdudu. Si wao peke yao, kwa maana watu wa mataifa mengi waliamini hivyo kwa karne nyingi. Mwaka 1890 W. D. Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alitoa kitabu kilichoeleza jambo lenyewe. Kinywani mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hula sukari na wanga uliosalia menoni, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha gamba gumu la jino, kidogo kidogo, hata pakawa na tundu. Gego lina mifereji mingi juu yake, na chakula hukwama humo. Basi ndilo linaloshambuliwa upesi.

Shauri la nyumbani

Jioni ile mama alisema, "Kijana mwenye pengo, watu watasema kwao hakuna wa kumtunza. Nitauza mbuzi wawili, utiwe jino."

Mjomba, ambaye hufanya biashara Kobero na kuvuka mpaka mpaka Kabanga, alicheka akafungua kinywa chake. "Dada, nitazame mimi. Magego matatu sina, na nyama naila. Mbuzi wa karo hawauzwi kwa ajili ya jino lisiloonekana hata mtu akicheka."

Mama akamjibu, "Wewe nyama unaimeza nzima nzima, kisha usiku unalalamika tumbo."

Sote tukacheka, lakini shauri halikukatwa. Mama aliogopa aibu na madhara. Mjomba aliogopa karo. Hakuna hata mmoja aliyejua pengo moja hufanya nini kinywani. Nami nilirudi Gitega na swali langu.

Mwalimu wetu wa biolojia aliponisikiliza aliniambia, "Usianze na bei ya jino la bandia. Anza na kujua pengo lako litakudhuru vipi, na katika muda gani. Kisha ndipo upime bei." Jumamosi iliyofuata akaniruhusu kwenda kwa daktari wa meno hapa Gitega.

Pengo likiachwa, huwaje?

Daktari huyo alikuwa mzee mpole, akipenda kueleza. Alichora meno kwenye karatasi akanionyesha mambo manne.

Kwanza, meno ya jirani huweza kuinama kuelekea pengo, hasa lile la nyuma, kama nguzo za ua zinavyoinama moja ikiondolewa. Kwa kijana jambo hili huwa jepesi zaidi kutokea. Yakiinama, chakula hunasa kati yake na ufizi.

Pili, jino la juu lililokuwa likigongana na lile lililotoka hukosa mwenzake, nalo huweza kushuka. Lakini hapa daktari alinitoa hofu kidogo. Mwaka 2000 uchapishwaji wa uchunguzi mmoja wa Ulaya uliwahusu watu waliokaa miaka 10 au zaidi na magego yasiyo na wenzake. Magego mengi yalikuwa yamesogea, lakini kwa sehemu kubwa kwa kiasi kidogo. Karibu robo tu ndiyo yaliyopita milimita 2. Hatari ipo, walakini haiji kwa kila mtu, wala haiji kwa siku moja.

Tatu, mfupa wa taya mahali pa pengo hupungua, kwa kuwa hauna tena mzizi wa kushika. Upana wake hupungua karibu nusu katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo.

Nne, mtu huzoea kutafuna upande mmoja tu, na upande huo hubeba kazi ya pande mbili.

Njia zilizo mbele ya mwenye pengo

Kisha akanihesabia njia, akitaja faida na hasara ya kila moja.

Njia ya kwanza ni kuliacha pengo na kulichunga. Haina gharama leo, lakini inataka uangalifu: kutazamwa kinywa kila baada ya muda, ili ikionekana kwamba meno yanasogea, hatua ichukuliwe mapema.

Njia ya pili ni jino la bandia la kuvaa na kuvua. Bei yake ni nafuu kuliko njia mbili zifuatazo, wala halikatwi jino lolote ila kidogo tu. Lakini hushikiliwa kwa vikulabu juu ya meno mengine, na uchafu hukaa chini yake. Mtu asipolisafisha kila siku, huweza kuyaozesha meno mazima kwa ajili ya lile moja lililopotea.

Njia ya tatu ni daraja. Meno mawili ya jirani huchongwa na kuvishwa kofia, na kati yake huning'inia jino la bandia. Ni imara, mtu husahau kwamba si lake. Hasara yake ni hii, kwamba lazima uchonge meno mawili. Yakiwa mabovu tayari na yanahitaji kofia, ni vema. Yakiwa mazima, unaharibu mawili ili kupata moja.

Njia ya nne ni kipandikizi. Msumari mdogo wa madini yaitwayo titani hupachikwa ndani ya mfupa, na baada ya miezi kadhaa jino hufungwa juu yake. Asili ya njia hii ni Per-Ingvar Brånemark wa Sweden. Mwaka 1952, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, aliona kwamba titani imeshikamana na mfupa isibanduke. Mwaka 1965 alimtibu mtu wa kwanza kwa meno yaliyopachikwa hivyo. Kipandikizi hakiguswi na uozo, wala hakichongi jirani. Lakini gharama yake ni kubwa kuliko zote, na haifai kumtia kijana ambaye taya lake bado linakua, maana meno mengine husogea pamoja na taya, nacho hubaki pale pale.

Niliuliza bei zake. Daraja lilizidi mbuzi wawili wa mama. Kipandikizi kiliizidi karo yangu ya mwaka mzima, tena daktari alisema kazi hiyo hakuifanya pale kwake.

Je, mtu aweza kuishi bila magego yote?

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo hata mjomba hakulijua, ingawa alilisema kwa mzaha. Mwaka 1981 Arnd Käyser, mwalimu wa uganga wa meno huko Nijmegen, Uholanzi, alieleza kwamba mtu aweza kutumia kinywa chake vizuri hata kama baadhi ya magego makubwa hayapo, mradi meno ya mbele na magego madogo yawepo na yagongane sawasawa. Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani lilitaja shabaha ya kumwezesha mtu kubaki na meno yake mwenyewe yasiyopungua 20 maisha yake yote, bila kuhitaji ya bandia.

Lakini je, maneno ya Uholanzi yanafaa kwa mlaji wa mihogo na mahindi? Jirani zetu wa Tanzania walilichunguza swali hilo. Paulo Sarita na wenzake wa Nijmegen waliwatazama mamia ya watu wazima wa Tanzania waliopungukiwa magego, na majibu yakachapishwa mwaka 2003. Waliona kwamba mwenye magego madogo kamili na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayogongana hutafuna kwa kiasi cha kumtosha. Shida ilizidi kwa wale ambao hata magego madogo yalikuwa yamebaki machache, na vyakula vigumu ndivyo vilivyowasumbua zaidi.

Kwa hiyo mama na mjomba walikuwa wamekosea wote wawili. Pengo moja la nyuma si msiba. Lakini mtu akisema "Moja si kitu," kisha la pili, kisha la tatu, siku moja hufika mahali ambapo mahindi ya kuchoma huyatazama tu.

Shauri lilivyokatwa

Daktari alipomaliza kuchora alichukua kioo chake kidogo na taa, akatazama tena. Akakawia. Kisha akanipa kioo kingine nijionee mwenyewe. Ubavuni mwa gego lililo nyuma ya pengo palikuwa na doa la kahawia, na katikati yake tundu dogo. Lilikuwa limejificha kati ya meno mawili, na sasa, jirani yake alipoondoka, likaonekana.

"Kijana," akasema, "wewe unaulizia jino lililokwisha kutoka. Hili hapa ndilo linalokuuliza wewe. Halijauma bado. Likizibwa mwezi huu, laweza kukaa miaka mingi. Likiachwa, utapata pengo la meno mawili, na hapo maneno yangu yote ya leo yatabadilika."

Nilikaa kimya. Nilikumbuka karafuu yangu. Nilikumbuka maumivu yaliyonyamaza nikayashukuru.

Jioni nilimpigia mama simu, nikamweleza yote. Aliuliza mara mbili, "Basi pengo litabaki?" Nikamwambia, "Litabaki, mama, kwa sasa." Alinyamaza, kisha akasema atazungumza na mjomba. Baada ya juma moja mbuzi mmoja aliuzwa badala ya wawili. Sehemu ya fedha iliziba tundu la gego la nyuma, na iliyosalia ikaongezwa kwenye karo. Mbuzi wa pili yupo hata leo.

Daktari alichukua pia kipimo cha meno yangu kwa plasta, akaandika tarehe chini yake. Kila baada ya miezi 6 nakwenda, naye hulinganisha kinywa changu na kile kipimo. Nikija kupata kazi, na taya likiwa limekwisha kukua, nitaweza kufikiri upya habari ya daraja au kipandikizi. Najua kungoja kuna hasara yake: mfupa utakuwa umepungua, na huenda kazi ikawa ngumu zaidi na ghali zaidi. Nimelipima jambo hilo na kulikubali, maana elimu yangu haingoji.

Nilifanya na jaribio langu mwenyewe. Nilikata vipande viwili vya muhogo mkavu, sawa kwa ukubwa. Upande wa kulia nilitafuna mara 22 kabla ya kumeza, na upande wa kushoto mara 31. Hiyo ndiyo hasara yangu ya leo, nami naiona kuwa ndogo. Lakini zamani nilikuwa sihesabu kabisa.

Mwenye pengo ajiulize nini?

Ndugu msomaji, ukipotewa na gego usifuate shauri langu kama lilivyo, kwa sababu kinywa chako si changu. Jiulize maneno haya, kisha umwulize daktari wa meno: Je, hili ni pengo langu la kwanza, au yako mengine? Nimebaki na jozi ngapi za magego yanayogongana? Jino la juu lisilo na mwenzake linashuka? Meno ya jirani yanainama? Je, ni mazima, au nayo yana tundu? Naweza kutafuna chakula cha kwetu bila taabu? Ukijibu kwamba magego yaliyobaki ni machache, au meno yanasogea, au kutafuna ni shida, basi pengo linataka kujazwa, wala usichelewe.

Tena, shavu likivimba, ukapata homa, au kinywa kikawa kigumu kufunguka, usingoje shauri la mtu yeyote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana usaha wa jino waweza kuenea shingoni na kumwua mtu.

Na kwa wenye meno kamili neno langu ni fupi. Piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floridi. Punguza sukari, hasa ile ya kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Tundu lisilouma ndilo la kuzibwa, kwa sababu likiuma huenda umekwisha kuchelewa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini wazazi wengi hulidhania gego kubwa la kwanza kuwa jino la utoto?
2. Karafuu humfaa vipi mwenye jino bovu, na humdanganya vipi?
3. Taja mambo manne yanayoweza kutokea pengo likiachwa.
4. Daraja linamfaa nani, na halimfai nani?
5. Chukua kioo, uhesabu meno yako. Ni mangapi, na katika hayo magego mangapi yana doa? Swali hili la tano usimwonyeshe mwenzako jibu lake. Mwonyeshe daktari.